Nundu ya Waliomaliza

Katika ukoo wa mume wangu, mwanamke hana neno kwenye kikao mpaka damu yake ya mwezi ikome. Akikaa mwaka mzima bila kuiona, husemwa amemaliza. Sikukuu ya mavuno inayofuata, baada ya misa, anaitwa kutoka jikoni, anakalishwa kwenye kigoda upande wa wanaume, na mbele yake linawekwa sinia lenye kipande cha nundu ya ng'ombe kilichochemshwa kwa chumvi. Anakila chote, watu wakimtazama. Akishanawa, anaweza kusema juu ya mashamba, mahari na mifugo, na hakuna mwanamume wa kumwambia anyamaze.

Sijui kama koo nyingine za Mpimbwe, kwao mume wangu, zina jambo hili. Nimeuliza Kasansa na vijiji vya jirani. Wengine walicheka, wengine waliniambia kwao mwanamke wa namna hiyo hupewa firigisi, wengine walisema hawajawahi kusikia. Kuuliza ni mazoea ya kazi. Kwa miaka mingi nilikusanya habari za redio hapa Mpanda, na hata haya nitayaandika kwa utaratibu ule ule: niliyoyaona, niliyoambiwa, na aliyeniambia.

Sababu ya nundu aliniambia baba mkwe, wakati huo mimi ni bibi harusi. "Damu isiyotoka inakauka ndani," alisema. "Mafuta ya nundu yanailainisha." Niliamini. Sababu ilieleweka, aliyeitoa alikuwa baba wa nyumba, na nyama ilikuwa nyama. Tena nilichokitaka mimi hakikuwa nundu. Nilikitaka kigoda.

Aliyenitangulia kwenye kigoda alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Aliachika akiwa bado msichana, akarudi kwao, akalima mpunga maisha yake yote. Alikuwa mnene, mwenye sauti nzito na kicheko kilichomtangulia njiani. Siku yake ya nundu niliishuhudia nikiwa mlangoni mwa jiko. Aliila kama mtu anayekula andazi, akalamba vidole, akamgeukia kaka yake mkubwa.

"Haya kaka. Sasa tuzungumze yale majaruba ya mtoni."

Jikoni tulipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka.

Majaruba ya mtoni ni kipande cha shamba la mpunga wanachokilima wanawake wa nyumba ile: wake wa ndugu wa mume wangu, wifi alipokuwa hai, na mimi ninapokwenda kutoka Mpanda wakati wa kupanda na kuvuna. Mpunga wake hauingii kwenye ghala la ukoo. Ndio unaomvalisha mtoto sare, ndio unaompeleka mama hospitali bila kumpigia mtu magoti. Shemeji yangu mkubwa, ambaye ndiye kiongozi wa ukoo tangu baba yao afariki, amekitamani kipande hicho siku zote. Anataka kumwachia mfugaji mmoja anyweshe ng'ombe wake pale, na yeye apewe ndama. Kila mwaka alilileta shauri hilo kwenye kikao. Kila mwaka wifi alilikata.

Nundu haikuishia siku ile. Nani alikuwa amefikiria hilo? Mwanamke aliyekwisha kuila huwa na fungu lake kila mahali: msibani, harusini, kwenye kipaimara. Anachotewa mchuzi wa juu, ule unaoelea mafuta, na vipande vyeupe vinachaguliwa kwa ajili yake. Wifi alifurahi, na mimi nilifurahi kwa ajili yake.

"Nimepika nyama za watu tangu nina akili," aliniambia, "nikila ugali na mchuzi wa mfupa. Sasa na mimi nalishwa. Tena nikae kimya? Lete."

Mwaka juzi, wakati wa palizi, niliona amebadilika. Alikuwa akisimama kwenye tuta la jaruba, mkono kiunoni, anavuta pumzi kama aliyepanda mlima. Alicheua sana. Alilamba magadi kwa ajili ya gesi. Nikimwambia apumzike, ananiambia, "Nimezeeka wifi, acha kunikagua kama bwana shamba." Kisha akaanza kulalamika jino.

"Jino gani?"

Akafungua kinywa, akaweka kidole nyuma kabisa, chini upande wa kushoto. Nikachungulia. Palikuwa na pengo la siku nyingi.

"Wifi, mbona hapa hamna jino!"

"Hamna?" Akapapasa kwa ulimi. "Sasa kinachoniuma nini? Mzimu wake?"

Tulicheka, wawili sisi, miguu ndani ya tope, mpaka mke wa shemeji akatufokea kwamba tunakanyaga mpunga. Siku chache baadaye alikula chakula cha mchana, akajinyoosha kwenye mkeka, akasema anapumzika kidogo. Hakuamka.

Matangani kila mtu alikuwa na jibu. Wengine walisema presha. Wengine walitaja majirani. Shemeji alisema siku zake zilikuwa zimefika. Hakuna aliyetaja jino, hata mimi. Baada ya arobaini, shemeji aliniita pembeni kwa upole akaniambia kwamba kigoda kiko wazi, na kwamba katika wanawake wa nyumba ile mimi ndiye nitakayemaliza kwanza. Hakusema lingine, lakini niliiona hesabu machoni mwake. Mimi ni mtu wa mjini, mwembamba, mwenye sauti ya kusomea taarifa. Alidhani nitakuwa laini.

Kwangu hedhi ilikoma bila vurugu. Ilichelewa, ikaruka, ikarudi mara moja kama mgeni aliyesahau mwavuli, ikaenda zake. Joto ndilo lililonisumbua. Lilinishika popote: sokoni, kanisani, katikati ya mahojiano na mkulima wa Kasokola ambaye alidhani namwonea aibu. Moyo nao ulianza kwenda mbio bila sababu. Nikaanza kuchoka kwenye mwinuko mdogo wa kwenda nyumbani kwangu, ambao kabla ya hapo sikujua kwamba ni mwinuko.

Nilikwenda kutibiwa. Kituo cha kwanza walinipima malaria na taifodi, hawakuona kitu, wakanipa dawa za vidonda vya tumbo. Cha pili mhudumu hakuniangalia usoni.

"Una miaka mingapi, mama?"

Nikamtajia.

"Ni umri tu huo. Kunywa maji, punguza mawazo."

"Umri unafanya nini?" nikamuuliza.

"Eh?"

"Umesema ni umri. Nauliza, huo umri unafanya nini humo ndani mpaka moyo ukimbie?"

Akaniangalia mara ya kwanza, kisha akamwita mgonjwa anayefuata. Nilitoka pale nimevimba kwa hasira. Nimewahoji viongozi waliojibu vizuri zaidi kuhusu barabara ambazo hazikuwepo.

Sikukubali. Nilikwenda hospitali kubwa, nikakaa kwenye benchi na kusema nataka kuonana na daktari, na kwamba sitaondoka na jibu la umri. Aliyeniona alikuwa mama wa makamo, mtu wa Ufipa, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipima presha mikono yote miwili. Akanipima moyo kwa ile mashine ya kubandika waya kifuani, akaangalia karatasi yake na kusema hapo haoni shida. Akaagiza damu yangu ipimwe mafuta, kile wanachokiita kolestro, au lehemu kwa Kiswahili cha vitabuni. Niliporudi kwa majibu, presha ilikuwa imepanda kidogo. Lehemu mbaya ilikuwa imepanda sana.

"Daktari, mimi?" Nikajishika mkono, mfupa mtupu. "Hayo mafuta yamekaa wapi?"

"Kwenye damu," akasema. "Wembamba ni wa nje. Mishipa haijui kwamba wewe ni mwembamba."

Nikamuuliza kama ninavyowauliza watu wote: nini, lini, kwa nini, na umejuaje. Alijibu kwa mpangilio, na hilo peke yake lilinifanya nimheshimu. Mwanamke anapokuwa bado anaona siku zake, alisema, mwili wake una homoni ya estrojeni kwa wingi. Pamoja na kazi nyingine, homoni hiyo inalisaidia ini kuiondoa lehemu mbaya kwenye damu, na inaisaidia mishipa ibaki laini. Hedhi inapokoma, homoni inashuka sana. Lehemu inapanda, mara nyingi katika muda ule ule wa kukoma. Mafuta yanahamia tumboni. Presha inaanza kupanda. Ulinzi ambao mwanamke alikuwa nao umepungua, na mambo yote hayo hayaumi, kwa hiyo hajui.

"Kwa hiyo damu haikauki?"

Akaacha kuandika. "Nani kakwambia inakauka?"

Nikamweleza habari za kigoda na nundu. Hakucheka. Alivua miwani, akaipangusa.

"Kipande cha siku moja hakimuui mtu," akasema. "Mimi naogopa hiyo miaka inayofuata, yenye fungu la mafuta kila mahali. Wanamsubiri mpaka ulinzi upungue, halafu ndio wanaanza kumlisha mafuta. Nani alikaa akabuni hilo?"

"Wanaume," nikasema.

"Walikuwa na nia nzuri?"

"Nadhani walikuwa na nia nzuri."

Kisha akaniuliza kama kwetu kuna aliyekufa ghafla. Nikamwambia watu wa damu yangu siwajui sana, lakini nilikuwa na wifi. Nikamsimulia uchovu, kucheua, magadi. Nilipofika kwenye jino nilisimama.

"Jino lipi?" akauliza.

Nikaweka kidole kwenye taya la kushoto, nikamwambia hapakuwa na jino. Nilikuwa naliona lile pengo.

"Sikumwona, kwa hiyo siwezi kusema," akasema polepole. "Lakini moyo wa mwanamke unaweza kuuma kwenye taya. Au mgongoni, au hapa kwenye chembe ya moyo, ukadhani ni tumbo. Unaweza kumchosha tu na kumkata pumzi. Si lazima ashike kifua na kuanguka kama kwenye sinema."

Aliniandikia dawa ya kushusha lehemu. Akaniambia nitembee kila siku, nipunguze chumvi, nyama ya mafuta na mawese, nirudi kupimwa. Nikamwambia mawese ni ya asili, tunayatoa Karema. Akasema hata jiwe ni la asili.

Naweka wazi jambo moja. Siandiki hapa kwamba nundu ilimuua wifi yangu. Hakupimwa, na asiyepimwa hawezi kusemewa. Ninachoandika ni kwamba aliumwa mbele yetu sote, mahali ambapo tungeweza kupaona, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefundishwa kutazama pale.

Mwaka wangu ulitimia mwaka jana kabla ya mavuno. Mpunga ulipokwisha kupigwa na kufungwa kwenye magunia, tulianza safari ya kwenda kwao, mume wangu na mimi, kwa pikipiki. Tulipokwisha kuvuka mbuga tulisimama kunyoosha miguu, na hapo ndipo nilipomwambia kwamba kigoda nitakikalia lakini nundu sitaila.

Mume wangu ni mtu mpole, kitinda mimba, aliyezoea kusikiliza wakubwa zake.

"Kula kidogo tu," akasema. "Tafuna, halafu teme kwenye kanga. Nani ataona?"

"Wewe ukikataa kitu unakataa. Mimi nifiche kwenye kanga?"

"Basi tusiende."

"Nisipokwenda, mwaka huu majaruba yanakuwa ya ng'ombe. Unalijua hilo."

Akavaa kofia yake ya pikipiki. "Kaka atasema usipokula huna neno."

"Atasema. Na mimi nitasema."

Tulipofika, jikoni walikuwa wameshapata habari, sijui kwa njia gani, maana mume wangu alikuwa amekwenda choo tu. Wake wa ndugu zake walinizunguka na miko mikononi. Nilitegemea wanishangilie.

"Mama wa mjini ameanza kuogopa mafuta!" alisema mmoja.

"Anatunza umbo. Kwa ajili ya nani, umri huu?"

Mke wa shemeji mkubwa, ambaye tulikaribiana umri, hakutania. Alinivuta karibu na chungu. "Sikiliza," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nimebakiza mwaka au miwili. Nimekingoja kigoda hicho tangu nilipoletwa hapa. Ukienda kuvuruga, watakifuta. Watasema wanawake wenyewe hawakitaki. Unatuharibia foleni, nyie watu wa redio mnapenda kusikika tu."

Hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli. Kigoda hakikuwa changu peke yangu. Nikamwuliza, "Wifi alikuwa analalamika nini siku zile za mwisho?"

"Jino."

"Jino gani?"

Akanitazama. Alikuwepo shambani siku ile, ndiye aliyetufokea. Nikamweleza aliyosema daktari, yote, kama nilivyoyaeleza hapa. Aliendelea kukoroga. Mwishowe akasema, "Kaa, basi. Lakini ukianza, usinyamaze katikati."

Baada ya misa na chakula cha watoto, niliitwa. Nilitoka jikoni nikiwa nimevaa vitenge vipya, nikakaa. Wanaume walikuwa nusu duara: shemeji mkubwa katikati na kisu chake, baba mdogo wa mume wangu kulia kwake, ndugu wengine, na mume wangu mwishoni kabisa, akiangalia viatu vyake. Mama mkwe, ambaye ni mzee sana na mkavu kama ukuni, alikuwa kwenye kiti chake kati ya wanaume na jiko, mahali anapokaa siku zote ili asikie pande zote mbili.

Sinia likaja. Kipande kilikuwa kikubwa, cheupe na chenye nyuzi, kinatoka mvuke. Na wakati huo huo, kama limeitwa, joto langu likanipanda kutoka tumboni mpaka kwenye nywele. Jasho likanitiririka usoni.

Shemeji akatabasamu. "Shemeji, unaogopa nyama?"

"Siogopi. Hili ni joto la kumaliza. Ndilo lililonipa kigoda hiki, liacheni lipite."

Baba mdogo akakohoa. Nadhani alikuwa anaficha kicheko. Nikajipangusa kwa ncha ya kitenge, nikalishika sinia kwa mikono miwili, nikaliinua kidogo, nikalirudisha chini.

"Nimelipokea," nikasema. "Heshima nimeipokea. Nyama sitakula. Daktari amenipima, damu yangu ina mafuta mengi kuliko inavyotakiwa, na yalianza kupanda siku zile zile nilipomaliza. Sasa naomba tuanze kikao."

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika zote. Mmoja alisema hospitali zimeharibu watu. Mwingine aliuliza kama mimi ni mlokole. Shemeji mkubwa alingoja watulie, kwa maana ni mtu anayejua kuongoza kikao, na hilo namkubalia.

"Shemeji," akasema, "hakuna anayekulazimisha. Ila utaratibu unajulikana. Asiyekula hana neno. Rudi jikoni kwa amani, tutakuletea mchuzi usio na mafuta."

Wanaume wakacheka.

"Aliyekula yuko wapi?" nikauliza.

Kicheko kikakatika. Sikukusudia kumtumia wifi kama jiwe, lakini nilikuwa nimeahidi kutonyamaza katikati. Nikawaambia jino lililomuuma halikuwepo. Nikawaambia pumzi, magadi, kusimama kwenye tuta. Nikawaambia kwamba sijui kilichomuua, na wao pia hawajui. Wakati nazungumza upepo wa Julai ulikuwa unapita, na sinia lilikuwa limepoa. Pembeni mwake mafuta yalikuwa yameganda, meupe, magumu kama nta. Nikalisukuma katikati ya duara.

"Mnasema hiki kinalainisha damu. Kiguseni."

Baba mdogo akainama akakwaruza kwa ukucha. Akautazama ukucha wake. (Daktari aliniambia baadaye kwamba mwilini mambo hayaendi hivyo hasa. Namshukuru kwamba hakuwepo.)

Shemeji alikuwa bado na jiwe lake. "Sawa. Na mama je?" Akamwonyesha mama mkwe kwa kisu. "Mama alikula nundu akiwa hapo hapo ulipokaa. Mbona yupo? Mbona anatembea kwenda kanisani kutushinda sisi?"

Lilikuwa swali zuri, ambalo hata mimi ningeliuliza. Nilikuwa natafuta jibu wakati mama mkwe aliposema, kwa sauti ile ya mtu anayeagiza chumvi:

"Nani kakwambia nilikula?"

"Mama, watu waliona."

"Watu waliona natafuna. Mwaka ule njaa ilikuwa kali. Nilitafuna mate. Nyama niliifunga kwenye kanga, nikaipeleka ndani, nikawakatia nyie." Akanyoosha kidole. "Kipande kikubwa ulikula wewe. Umeshaota ndevu, na tamaa ile ile ya utotoni."

Jikoni mtu mmoja alishindwa kujizuia, akapiga kigelegele kifupi, akanyamazishwa. Mume wangu aliinua macho kutoka kwenye viatu akanitazama, na nikajua alikuwa anakumbuka maneno yake ya njiani.

Shemeji alitafuta pa kushika. "Kwa hiyo mama, miaka yote hii ulikuwa unasema kwenye vikao bila haki?"

"Ninyamazishe basi," mama mkwe akamwambia, "tuone."

Hakuna aliyemnyamazisha. Baba mdogo akasafisha koo na kusema kwamba saa zinakwenda, kuna shauri la majaruba, na kwamba aliyekaa kwenye kigoda aseme kama ana la kusema.

Nikasema. Nilisema wanawake wa nyumba ile wanapata nini pale na wanakitumia kwa lipi. Nilisema ng'ombe wakianza kunywea pale, matuta yatabomoka na maji yataingia hata kwenye majaruba ya wanaume yaliyoko chini. Nilisema upande wa juu wa mto kuna mahali pana mawe, pa kunyweshea, ambapo hapalimwi chochote, na kwamba huyo mfugaji anapajua kwa sababu nilikwenda kumuuliza mwenyewe. Hili la mwisho shemeji hakulitegemea. Alibishana, na alibishana vizuri. Tulikaa mpaka vivuli vikarefuka. Majaruba yalibaki.

Sikushinda vyote. Nilipendekeza fungu la mafuta la waliomaliza liondolewe kabisa, nikakataliwa, tena wanawake ndio waliokuwa wa kwanza kukataa. Kilichopita ni kwamba mwanamke atapelekewa sinia, na ale au asile, neno lake ni neno. Nundu ile ilikatwakatwa ikaliwa na wanaume. Niliwaambia na wao wakapime, kwa kuwa mishipa yao haikulindwa tangu mwanzo. Walinitazama kama nimewatukana.

Mke wa shemeji alikuja Mpanda wakati wa masika, akasema amekuja kununua vitambaa. Tulipofika hospitali aliniambia nimngoje nje. Alitoka akiwa amekunja uso, hakuniambia majibu, na sikumuuliza, ingawa ulimi uliniwasha. Usiku wake kwangu alikula maharage bila mawese, akayasema vibaya kila kijiko.

Mwaka huu ilikuwa zamu yake. Aliitwa, akakaa kwenye kigoda, na mume wake mwenyewe ndiye aliyemwekea sinia. Mimi nilikuwa tayari upande ule, nimekaa karibu na baba mdogo. Kutoka kwenye kigoda alinitazama. Kisha akamega kipande kidogo sana, kama cha kumwonjesha mtoto, akakitafuna taratibu, akafumba macho kwa utamu wake. Sinia akalisukuma.

"Nimeonja," akasema. "Nilikingoja muda mrefu, siwezi kuacha kuonja. Sasa nasema."

Na alisema. Alisema dhidi yangu. Mimi nilitaka majaruba mawili ya mwisho tuyaache yapumzike, yeye akasema mtu anayekuja na pikipiki wakati wa mavuno hawezi kuwaambia wanaoinama kila siku ni lipi lipumzike. Alinipinga neno kwa neno, bila kuinua sauti, na kikao kikamfuata yeye. Hakuna mtu aliyemwambia anyamaze.

Nilirudi Mpanda nimeshindwa. Nilimeza dawa yangu, nikavaa raba, nikapanda ule mwinuko wa nyumbani kwa mguu bila kusimama.